Hidaya binti Ahmadi na Vyungu Vilivyopasuka

Nyamazeni kidogo, jeneza halijainuliwa, na historia ya marehemu nitaisema mimi, mama wa mama yake, sina karatasi kwa sababu kusoma sijui, lakini nani alimtenda nani nini katika ukoo huu, hilo nalijua lote.

Hidaya alizaliwa hapahapa Kinole, siku ya Ijumaa, wakati wa vuli, mwaka ule Wadachi walipopita bondeni mara ya kwanza, mama yake akafa mtoto bado ananyonya, nikamlea mimi. Chuoni kwenye Kurani alikaa mwezi mmoja, akatoka, akaingia kwenye udongo, na mwalimu wake alikuwa binti yangu mkubwa Asia, huyu anayelia hapa kuliko wote.

Asia alimfundisha kuchimba, kuponda, kufinyanga, akamficha jambo moja tu, kwamba udongo wetu huu hauvumilii moto mpaka uchanganywe na vigae vilivyotwangwa. Mwaka mmoja kabla ya vita ya Majimaji, Hidaya akachoma vyungu vyake vya kwanza mbele yenu, vyote kumi na kimoja vikapasuka, Asia akasema, "Mwanangu, mkono wako mbaya, kalime mihogo." Mkacheka, na wewe Mwaisha ulicheka mpaka ukakaa chini, yeye akakimbia, vigae vyake vikatupwa bondeni.

Mwaka wa vita akaolewa na Mwinjuma wa Mikese, mwanamume mwenye maneno mengi kuliko shamba, wakazaa Hatibu na Dadi. Miaka mitatu marehemu alifinyanga, vikikauka anaviloweka, vinarudi matope, anaanza upya, kuvichoma hathubutu, na mumewe anamwita mbele ya wageni "fundi wa tope." Hata mimi nilimdharau, nikamwambia kwa utani wa bibi na mjukuu, "Mke mwenzangu, tope hata nguruwe pori analichezea."

Mwaka reli ilipofika Morogoro akaja kwangu, akasema, "Bibi, nimechoka kuogopa vicheko vya watu wasiojua hata kuponda udongo, nitachoma, vikivunjika vivunjike." Akachoma tisa, mchana wa gulio, makusudi mkiwapo, vikapasuka tisa. Mkacheka tena, lakini safari hii hakukimbia, akaketi na vigae vyake, akaokota na kigae cha chungu kikuukuu cha Asia, akavilinganisha, akaona chembe nyekundu ndani ya kile cha Asia, ndani ya vyake hamna, akajua ni vigae vilivyotwangwa. Miaka yote ile mitatu alikuwa hana vigae vyake vya kulinganisha wala vya kutwanga, maana udongo usioona moto hautoi vigae. Akatwanga vile tisa, akachanganya, akachoma kumi, vikatoka saba, akavigonga kwa kidole vikalia, hakuna aliyecheka, ila Asia alisema ameibiwa siri yake.

Kichomi kilimshika Jumatano iliyopita, ametutoka leo alfajiri, mwezi wa Rajabu, mwaka wa sita tangu reli. Namshukuru Yakobo, aliyeshuka na dawa kutoka misheni, nawashukuru majirani mliochota maji, na wafinyanzi wenzake wanne, aliowafundisha habari ya vigae bila kuwaficha. Mwinjuma na Asia siwashukuru, wanajua.

Asia, futa kamasi. Wali wa msiba unaiva uani ndani ya vyungu vyake, vyako havikutosha, na utakula. Nawe Hidaya, mke mwenzangu, kapumzike kwa amani, midomo yao leo itakuwa imejaa.