Fundi wa Milango na "Nakuja" Yake

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, nimepewa kazi hii ya kusoma wasifu wake kwa kuwa ndimi pekee niliyebaki wa kuikumbuka siku aliyozaliwa, basi mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, mtoto wa nne kati ya sita, akasoma shule ya msingi kuanzia 1960 hadi 1966, akasifika kwa maswali, mwalimu wa dini akamhamishia dawati la nyuma, akauliza kutoka huko huko.

Mwaka 1968 alijifunza useremala, akawa fundi wa milango, milango yake haikukwama, zilizokwama ni ahadi, kwani mteja akimuulizia mlango alijibiwa "nakuja", na wengine mliomo humu mmelala na pazia mlangoni mkiisubiri hiyo nakuja.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na mshonaji nguo, muumini wa kanisa jingine, wakajaliwa watoto watatu na ubishi mmoja. Marehemu aliamini Kristo atarudi kwanza, ndipo atawale hapa duniani miaka elfu, wifi yangu akasema elfu hiyo si ya kuhesabu, Kristo anatawala sasa hivi kutoka mbinguni, naye kinyozi jirani yao akashikilia kwamba Injili itainyoosha dunia kwanza, kisha Bwana aje, ila sisi tulioona vichwa alivyonyoa tulikuwa na shaka na huko kunyoosha.

Jioni wakisali, wakifika "Ufalme wako uje", marehemu hufumbua jicho moja:

"Mama Watoto, unaombaje kije kitu unachosema kimeshafika?"

"Na wewe fundi, unifundishe maana ya kuja? Mlango wa jikoni kwangu uko wapi?"

Hawakununiana, walitaka kujua kweli, na marehemu alisema hataki kufa kabla hajajua.

Mwezi wa pili mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, tarehe 3 Mei akapelekwa kupasuliwa, mlangoni pa chumba cha upasuaji akamshika mkewe mkono, akasema "nakuja", mlango ukafungwa, akafariki saa tisa alasiri. Wifi ananiuliza kama alimaanisha anarudi kwake au anakwenda kwa Bwana, maana kwetu anayeondoka na anayefika wote husema neno hilo hilo, nami elimu yangu haikufika huko, nimemwelekeza kwa wachungaji wa makanisa yao mawili, wote wapo hapa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na mafundi wenzake waliomaliza jeneza siku ile ile waliyoahidi, jambo ambalo mwenyewe asingeliweza.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, na parapanda ikilia, iitangulie miaka elfu au iifuate, safari hii ukisema unakuja, uje.