Shangazi Ubavu na Damu Inayorudi

Tarehe 30 Juni, muuguzi wetu wa chumba cha upasuaji anakabidhi funguo za kabati la dawa baada ya miaka thelathini na minne kazini. Sisi tunamwita Shangazi Ubavu, kwa sababu hakuna mjamzito aliyepita mbele yake bila kuambiwa alalie ubavu wa kushoto. Hata mke wa mkurugenzi, aliyekuja kusalimia tu, aliambiwa.

Alianza wodini kwa kupima presha. Wageni kazini aliwafundisha bila kitabu: moyo hutoa kile unacholetewa, na ukichoka kutoa, damu inayorudi hukwama njiani, miguu ikavimba. Usiulaumu upande mmoja, wa kutoa au wa kurudisha, kabla ya kuuliza wa pili.

Asubuhi moja somo hilo liliokoa roho tatu.

Mama wa mapacha alikuwa amechomwa sindano ya ganzi mgongoni, akalazwa chali. Mto wa kuinulia nyonga ulikuwa umepelekwa kufuliwa, na hakuna aliyeukumbuka. Ghafla mama akasema anaona giza. Presha ikasoma sitini. Mapigo yakakimbia mia na arobaini. Daktari, kijana wakati huo, akaagiza dawa ya kuuchapua moyo. Shangazi akashika tumbo kwa mikono miwili, akalisukuma kushoto. Daktari akamfokea atoke mezani.

"Moyo hauna kosa, mwanangu," akamjibu, mikono palepale. "Unakimbia mtupu. Mimba imeulalia mshipa unaorudisha damu."

Mwenzetu mmoja akakunja koti, akalisokomeza chini ya nyonga ya kulia. Tukaikodolea macho mashine. Sitini na tano. Sitini na tano tena. Mikono ya Shangazi haikuondoka. Themanini. Mia. Mama akafumbua macho, akauliza kama watoto wana nywele, ilhali walikuwa bado hawajatoka!

Sindano ya dawa ikabaki kwenye sinia. Wiki hiyohiyo daktari akaandika agizo la mlangoni: mjamzito asilazwe chali. Akampa Shangazi atie sahihi kwanza, yeye akafuata.

Shangazi, asante kwa makaripio yako, na kwa kutushikia zamu watoto wetu walipougua. Akina mama wengi wametoka hapa wakilalamikia mshono tu, wasijue walikuwa wamefika wapi. Kwa niaba yao tunakushukuru, na tunakuombea afya njema na nyumba yenye kelele za wajukuu.