Nani Amemushika Eugène Kichwa

Benchi la kahawa la Honorine liko pembeni ya barabara ya Kpandroma, na wanaume wanaokaa pale huamka wakijua kila kitu. Asubuhi hiyo mwenzao Eugène alikuwa ameingia mtaroni na pikapu yake ya viazi, pua mbele, hatua ishirini tu kutoka vikombe vyao. Dashibodi ilimubana mapaja. Wazima-moto waliitwa, lakini wanaume wale kungoja hawakufundishwa. Honorine alipofika mbio, aliwakuta tayari na kamba.

— Tumufunge makwapani, tuvute kwa nguvu moja, akasema Katapila, mwenye mabega. Vile tulivuta ng'ombe ya Dominique kwa matope.

— Ile ng'ombe ilikufa, akasema Honorine.

— Ilikufa kesho yake!

— Mafuta ya mawese, akasema Docta, muuza sumu ya panya. Mumupake miguu, atateleza kama samaki.

Orly alikuwa na wazo kubwa zaidi:

— Tusimamishe lori, ivute pikapu nyuma. Yeye tumushike hapa, abaki.

— Abaki nusu gani? Eugène akalia kutoka ndani. Orly, nakusikia!

— Weye nyamaza, tunakuokoa!

— Kamba chini! Honorine akafoka. Atakayevuta, anivute miye kwanza.

Ndipo gari la wazima-moto likafika. Akashuka mwanamke mwenye kofia ngumu, Claire. Akaamuru mawe yawekwe chini ya magurudumu, akang'oa waya wa betri.

— Mutu hatumutoi kwa gari, akasema. Gari ndiyo tunaitoa kwa mutu, kipande kwa kipande. Sasa muniambie: tangu agonge, nani amemushika kichwa?

Katapila akatazama kamba. Docta akatazama chupa yake ya mawese. Orly akakohoa. Honorine naye, tangu afike, alikuwa ameshika maneno tu.

— Shingo ikiwa imevunjika, akisogea kidogo, hatatembea tena, akasema Claire.

Honorine akafunga kitenge vizuri, akapanda juu ya magunia ya viazi, akapitisha mikono kwenye dirisha la nyuma lililovunjika. Akamushika Eugène kichwa, kiganja kila sikio.

— Mama Honorine, usiniache.

— Nikuachie nani, hawa?

Claire akawasha mashine ya kukata chuma.

— Inaweza kuchukua saa nzima, mama. Mikono itakufa ganzi.

— Ife, akasema Honorine. Weye kata.