Mwalimu Matope na Darasa la Kinamasini

Ndugu waombolezaji, marehemu mliyemfahamu kwa jina la Mwalimu Matope alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, na dada yake mkubwa, anayewasomea historia hii, ndiye aliyembeba mgongoni, akamfulia kaptula, akamtoa kwenye mitaro alikokuwa akitafuta viluwiluwi, mpaka akachoka.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, akarudia darasa la tatu kwa utoro, akahitimu chuo cha ualimu tarehe 30 Novemba 1984, na mwaka uliofuata akapangiwa shule iliyopakana na kinamasi, jambo ambalo familia haikuliombea.

Huko, kila Alhamisi kwa miaka thelathini na tano, aliwatoa wanafunzi darasani, akawapa vyandarua vikuukuu na chupa tupu za jamu, wakahesabu vyura, wakapima kina cha maji kwa fimbo iliyotiwa alama, wakaandika kila kitu kwenye madaftari. Walimu wakuu sita walimwandikia barua za onyo, naye akazitumia kukaushia majani. Mkaguzi alipokuta madawati matupu na kumuuliza, "Darasa lako liko wapi?" alijibu, "Liko pale, mheshimiwa, limezama mpaka magotini."

Alifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1987 na muuguzi mwenye subira, wakajaliwa watoto watatu, ambao walijifunza kuchungulia jagi kabla ya kunywa, wasije wakameza viluwiluwi. Mara ngapi dada mtu alimwambia, "Mdogo wangu, hii ni nyumba," lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Mwaka 2006 baraza la mji lilitaka kukifukia kinamasi ili lijenge maghala, na marehemu alitakiwa kikaoni tarehe 19 Juni, saa tatu asubuhi, akachelewa, kwa kuwa alisimama njiani kumwonyesha mlinzi mmoja kiota cha ndege. Mkewe, hasira zimemjaa, alisimama badala yake na madaftari ya miaka ishirini, akasoma jinsi maji yalivyopanda madarasani kila kipande kilipofukiwa, na maghala yakahamishiwa mlimani. Marehemu aliingia saa tano, akauliza kama wameanza.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2021, daktari akamkataza kuingia majini, familia ikaficha mabuti, akaenda pekupeku. Alilazwa tarehe 20 Agosti 2023, na mchana wa tarehe 31 alimuuliza dada yake, "Dada, huko nje mvua imenyesha?" naye akamjibu, "Lala kwanza, utauliza baadaye," akalala, na hilo ndilo neno pekee la dada yake alilowahi kulitii.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliovumilia harufu, walimu wenzake waliomshikia vipindi, na wanafunzi wake wa zamani, ambao tangu jana wanafyeka nyasi za hapa makaburini na bado wanabishana ni za aina gani.

Pumzika, mdogo wetu, na amani ikae nawe.