Nilivyobania Betri ya Moyo wa Binti Yangu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa hospitali hii, Matroni, madaktari na wauguzi, wazazi wenzangu wa kliniki ya moyo, na zaidi ya wote wewe muuguzi wetu unayestaafu leo, ambaye watoto wote wanakuita Shangazi Waya kwa zile nyaya unazowabandika kifuani: nawasalimu kwa heshima na furaha.

Mimi ni fundi simu. Sikuzoea kusimama mbele za watu. Nimezoea kuinamia meza, na anayenisemesha huwa anaulizia simu yake. Wazazi wenzangu wamenichagua niseme kwa niaba yao kwa sababu, kwa maneno yao wenyewe, hakuna aliyemsumbua Shangazi kunizidi. Hapo sina ubishi.

Binti yangu alikuwa na miaka minne alipozimia mlangoni akivaa viatu. Moyo wake ulikuwa ukipiga polepole mno. Hapa hapa akawekewa, chini ya ngozi, kile kifaa kidogo cha kuongoza mapigo, ambacho sisi nyumbani tunakiita betri. Sasa ndugu zangu, mnamkabidhije fundi simu mtoto mwenye betri? Kazi yangu mchana kutwa ni kuwaambia watu wapunguze mwanga na wafunge wasivyotumia, ili betri ikae. Nikarudi nyumbani nikaanza kumbania mtoto.

Tunaishi ghorofa ya tatu. Nilimbeba mgongoni kupanda na kushuka mpaka akafika miaka tisa, miguu yake ikinigonga magotini, na mama yake akiniuliza, "Baba, huyo ni mtoto au gunia?" Shuleni nilipeleka barua kila muhula: asikimbie, asiruke kamba, asiguse mpira. Kipindi cha michezo akawa anawekewa kiti kivulini, anawapigia wenzake makofi, hata wakampa jina la Mgeni Rasmi. Uniwie radhi, Mheshimiwa, lakini shuleni kwao cheo chako kilikuwa na mwenyewe.

Je, nilikuwa mkatili? Niliogopa tu. Kila alipokuja mbio mlangoni kunipokea, moyo wangu ulishuka badala ya kufurahi, na yeye aliuona uso wangu, akajifunza kutembea.

Ndipo siku moja ya kliniki Shangazi akakipima kile kifaa, akaitazama kompyuta yake, akanigeukia.

"Fundi, huyu mtoto siku nzima anafanya nini?"

"Ametulia, Sista," nikajibu kwa majivuno.

"Naona. Mama yangu ana miaka themanini na mbili, na anamshinda kutembea."

Nikamweleza elimu yangu ya betri, mwanzo hadi mwisho, pamoja na mifano. Hakunicheka. Alingoja nimalize, akasema, "Betri hii tutaibadilisha wakati wake ukifika, akimbie asikimbie. Utoto wake je, tutaubadilisha na nini?"

"Na akianguka?"

"Atainuka kama wenzake. Akisikia kizunguzungu, atakaa. Asipoinuka, tulishakufundisha la kufanya. Daktari alikuandikia kwamba anaruhusiwa kukimbia tangu mwaka jana. Karatasi uliipeleka wapi?"

Karatasi ilikuwa kwenye droo ya vioo vilivyopasuka, dukani kwangu, chini kabisa. Hata mama yake sikuwahi kumwonyesha. Leo nalisema hadharani, mke wangu akiwa kiti cha pili pale, kwa hiyo nikirudi nyumbani mniombee.

Shangazi hakubishana zaidi. Alimshika binti yangu mkono, wakatimka korido yote, kutoka chumba cha kupimia mpaka dirisha la dawa. Mlinzi akamkumbusha kwamba hospitalini watu hawakimbii. Yeye akajibu kwamba anatoa dawa. Mimi nilikuwa nyuma yao, mikono mbele, tayari kudaka. Waliporudi binti yangu alikuwa ametota jasho, anacheka mpaka anashika ubavu, na aliyetafutiwa kiti na maji ni mimi.

Na wewe dereva, mzazi mwenzangu pale nyuma, usicheke sana. Nani alikuwa akiifuata baiskeli ya mwanawe kwa gari, taa za hatari zikiwaka? Si Shangazi huyu huyu aliyekushusha kwenye usukani? Shangazi, mioyo ya watoto wetu waliitibu madaktari, na tunawashukuru. Sisi wazazi ulitutibu wewe, bila sindano, na wagonjwa wabishi kama sisi hawapatikani kirahisi.

Najua wengi mnanyoosha shingo mkimtafuta binti yangu. Hayupo. Jana nilimwambia ajiandae tuje wote kukuaga, akanijibu, "Baba, kesho tuna mazoezi ya kupokezana vijiti, na mimi ndiye wa mwisho. Nisipokwenda, nani atamaliza?" Anakusalimu sana, na amesema wewe utamwelewa.

Kwa hiyo ninavyoongea hivi, yeye yuko uwanjani, mimi niko hapa, na simu yangu nimeizima. Sitawadanganya kwamba hofu imekwisha. Viganja vyangu vimelowa, na huu si woga wa hotuba. Lakini nilipomshusha getini leo alisimama akinitazama usoni, kama anavyonitazama siku zote, akingoja nimwagize nini. Nikamwambia, "Kimbia, mama."

Shangazi, ahsante, na upumzike vyema. Nanyi nyote mlionitegea sikio, nawashukuru sana.