Maji ya Mzee Gervas

Kijiwe cha kahawa cha Ashiru kipo nje ya ghala la korosho, Newala mjini, na Flora hukaanga vitumbua pembeni yake. Wazee wa benchi humwita Fomufoo, maana pale ni yeye tu aliyemaliza sekondari. Jana alimtoa hospitali baba mkwe wake, mzee Gervas, ambaye kiharusi kimemlegeza koo. Akimeza maji anapaliwa mpaka macho yanamtoka. Muuguzi alisema haraka haraka: vinywaji vyote mtafanya "thicken". Flora hakulijua neno hilo. Lakini waliosimama nyuma yake walikuwa majirani tu, akaona aibu kuuliza, akaitikia kwa kichwa. Nyumbani akakisia, akawaambia mzee asipewe maji kabisa.

— Mwanangu Priska kapewa swali shuleni, — alisema, akigeuza vitumbua asimtazame mtu. — "Thicken" ni kufanya nini?

— Fomufoo leo unatuuliza sisi? — alicheka Kangomba, mlanguzi wa korosho mstaafu.

— Nakuuliza wewe uliyewahi kufanya kazi bandarini na Wazungu.

— Basi rahisi. Ni kuchuja. Pombe ya mabibo si unaichuja? Ndiyo hiyo.

— Wapi, — alisema Mnada, ambaye hubishia kila bei. — Ni kufanya kitu kizito. Kama mboga ukiiunga kwa korosho za kutwanga. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapo?

— Si kinajaa? Kikijaa, kizito.

Flora aliona hilo limekaribia ukweli.

— Mboga sawa, Baba Stella, — alimwambia Mnada. — Na maji ya kunywa je?

— Maji? Nani anaunga maji, Mama Priska? Huyo mwalimu mgonjwa.

— Wapo wanaounga, — alidakia Kangomba. — Wanaokwenda mwezini. Maji yao mazito, yasielee. Wanayakata kwa kisu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Benchi zima likacheka. Flora naye akacheka, amechelewa kidogo.

Ndipo akaja Severina, wifi yake, anahema, kanga imefungwa ovyo.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Wifi, baba ulimi umemkauka kama gome. Kanishika mkono, hataki kuniachia, anaomba maji. Muuguzi alisemaje hasa? Nimpe, nisimpe?

Mnada akatazama kikombe chake. Ashiru aliacha kumimina.

— Sikumwelewa, — alisema Flora. Uso ulimwaka kuliko mafuta. — Nilijifanya nimeelewa.

— Na hilo la asinywe?

— La kwangu mwenyewe.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

— Basi nenda kaulize, — alisema Severina, taratibu, kama mtu anavyomtuma mtoto dukani.

Flora akaepua kikaango, akafuta mikono, akaenda hospitali.