Mama Chanda, Aliyebisha Odi Kwenye Mwili

Wasikilizaji wapendwa, mliozoea muziki saa hii, leo hamtaupata. Leo nina uchungu na nina hasira, na vyote viwili mtavisikia. Tumemzika Mama Chanda Marie-Thérèse, mkandaji wa mtaa wetu wa Katuba. Ameuawa. Sisemi ameaga. Ameuawa kwa baramina, ile nondo nzito ya kuvunjia mawe mgodini.

Mama Chanda alizaliwa Kasenga, kando ya Mto Luapula. Nyanya yake alikuwa akikanda wanawake waliotoka kujifungua, naye akajifunza hapo. Hapa Lubumbashi aliolewa na Pierre Mulenga, fundi wa reli, akafungua chumba cha kukandia uani. Mabega ya madereva, viuno vya akina mama wa sokoni, vyote vilipita mikononi mwake. Na alikuwa na desturi moja. Kabla ya kukugusa alisema "Odi", kama mtu aliyesimama mlangoni kwako. Usipojibu "Karibu", hakugusi. Tulimcheka sana. Mama, unabisha odi kwa kiuno? Binti yake Abigaïl ananiambia: "Mama alikuwa anasema, mwili iko sawa nyumba, muko mwenye nyumba mule ndani. Ukiingia na nguvu, inajifunga."

Mwaka jana akaja Sephora, jirani, mke wa Mardochée. Mardochée alikuwa akimpiga kwa mkanda, kwa mwiko, kwa kiatu. Mkono ukikaribia tu, mgongo wa Sephora uliruka, misuli ikakaza kama ubao, pumzi ikakatika. Mama Chanda akasema odi. Sephora akalia. Mama Chanda akafunika chupa ya mafuta, wakanywa chai. Ikawa hivyo mara nyingi, hadi siku Sephora alipojibu karibu. Mgongo ukalegea, akapitiwa na usingizi pale pale mkekani.

Jumapili moja Mardochée akamshika mkewe chumbani. Sephora akamwambia: "Sema odi kwanza."

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo mauti yalipoingia. Mardochée alifikiri hivi: odi husemwa kwa nyumba yenye mtu. Basi kuna mtu ametiwa ndani ya mke wangu. Uchawi. Akampasua Sephora mdomo kwa ngumi, akachukua baramina yake ya mgodini, akavuka barabara hadi kwa Mama Chanda. Sephora akamfuata mbio, damu ikimtoka. Anasimulia mwenyewe: "Alimuuliza, Mama Chanda, ni nani uliingisha mu mwili ya bibi yangu? Mama akamuambia, mule muko Sephora."

Pigo la kwanza lilimvunja Mama Chanda mikono, maana aliiinua kujikinga. La pili likampata kichwani. Mardochée akamgeukia mkewe. Mama Chanda, mikono yote miwili imevunjika, akamng'ang'ania Mardochée miguu kwa viwiko hadi majirani wakafika wakamwangusha. Mama Chanda alifia njiani kwenda hospitali. Sephora yuko hai. Narudia: Sephora yuko hai.

Wengine mmepiga simu hapa studio kuuliza Sephora alimkosea nini mumewe. Simu hizo nimezikata, na nitazikata tena.

Baba Pierre, Abigaïl, poleni sana. Sisi sote hapa redioni tunalia pamoja nanyi. Nanyi wanaume wenzangu, leo mkikaa kula, tazameni jambo moja. Ukinyoosha mkono kuchukua chumvi mezani, na mkeo akakinga uso, usimuulize ana nini. Wewe unajua.